MAFUNZO YA UFUNDI KWA VIJANA: MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KUPITISHA FEDHA

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika vyama vingi vya msingi limekuwa jambo la kawaida, makisio ya mwaka yanapojadiliwa, mwanachama kusimama na kutoa hoja kwamba chama kitenge fedha za kuwasomesha vijana ufundi. Hoja hiyo aghalabu hupigiwa makofi, wala si ajabu. Watoto wa wakulima wanamaliza shule kila mwaka, mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na kazi za mshahara ni chache. Aidha, msingi wa tano wa ushirika unahusu elimu, mafunzo na habari, na unawataja vijana waziwazi. Basi hoja hupita, fedha hutolewa, na vijana huondoka na masanduku yao kwenda chuoni.

Baada ya hapo vitabu vya chama hunyamaza. Mkaguzi huonyeshwa stakabadhi za karo, za nauli na za sare. Lakini ni nadra kukuta katika mihtasari mstari mmoja unaoeleza kijana huyo yuko wapi leo, anafanya kazi gani na anapata nini. Fedha hizo zimetokana na makato ya kila kilo ya kahawa, pamba au korosho ya mwanachama. Hapana budi ziulizwe swali lile lile linaloulizwa juu ya fedha za mbolea na magunia: zimezaa nini?

Makala hii imekusudiwa kueleza yaliyokwisha kuthibitishwa juu ya mafunzo ya ufundi na ajira ya vijana katika nchi zinazoendelea, na mafunzo hayo yatutake tufanye nini tunapopitisha makisio.

SHAURI HILI SI JIPYA

Mwaka 1965 mtaalamu wa elimu aitwaye Philip Foster alichapisha uchunguzi wake juu ya shule za Ghana. Wakati huo ilisemwa sana kwamba vijana wa Kiafrika wanadharau kazi za mikono kwa kuwa shule zinawafundisha vitabu tu, na kwamba dawa ni kubadili masomo. Foster alikataa. Alionyesha kwamba wanafunzi walikuwa wakipiga hesabu zao barabara: karani alilipwa vizuri kuliko fundi, naye alikuwa na tumaini la kupanda cheo. Maadamu hali ya mishahara ilikuwa hivyo, hata aliyesoma shule ya ufundi aliitazama ofisi. Shule peke yake, alisema Foster, haiwezi kuumba kazi ambazo uchumi haujaziumba.

Onyo hilo halikuzuia jitihada, wala halikustahili kuzizuia. Kenya ilianzisha vyuo vya ufundi vya vijijini katika miaka ya 1960. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ikafungua vyuo vya maendeleo ya wananchi kuanzia mwaka 1975, na mwaka 1994 ikaundwa kwa sheria Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Mafundi wengi tulionao vijijini, waashi, maseremala, mafundi magari na washonaji, wamepitia milango hiyo. Lakini swali gumu lilibaki: kati ya wanaofanya kazi baada ya mafunzo, ni wangapi ambao wasingeipata kazi hiyo bila mafunzo?

JINSI YA KUPIMA

Mkulima hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu amekwisha kuliona katika shamba la majaribio. Bwana shamba akitaka kujua faida ya mbolea, hatii mbolea shamba zima akashangilia mavuno. Hugawa shamba moja vipande viwili vyenye udongo mmoja na mvua moja, akatia mbolea upande mmoja na kuuacha wa pili. Tofauti ya mavuno ndiyo kazi ya mbolea. Mavuno yaliyobaki ni kazi ya mvua na udongo.

Kwa vijana mambo ni yale yale. Tuseme chama kimesomesha vijana 10, na baada ya miaka miwili 7 wanafanya kazi. Katibu atasoma taarifa hiyo kwa fahari. Lakini kama kati ya wenzao 10 wa kijiji hicho ambao hawakusomeshwa 6 nao wanafanya kazi, basi mafunzo yameongeza kazi moja tu, si saba. Na kama waliosomeshwa walichaguliwa kwa kuwa ni hodari, au kwa kuwa baba zao wanajulikana, hata hiyo moja ina mashaka.

Kwa ajili hiyo, katika miaka ya karibuni wachunguzi wametumia kura. Waombaji wenye sifa wanapokuwa wengi kuliko nafasi, hupigwa kura. Waliopata husoma, waliokosa huandikwa majina yao, na makundi yote mawili hufuatwa kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa kura haina upendeleo, tofauti inayoonekana baadaye inaweza kuhesabiwa kuwa imeletwa na mafunzo.

MATOKEO YA JUMLA

Matokeo yanatupasa kutulia. Mwaka 2017 David McKenzie, mtaalamu wa uchumi wa Benki ya Dunia, aliyakusanya majaribio ya aina hiyo yaliyofanywa katika nchi zinazoendelea. Aliona kwamba kwa wastani, katika kila watu 100 waliopewa mafunzo ya ufundi, walioongezeka katika kazi kwa sababu ya mafunzo hayo ni 2 au 3 tu. Nchini Uturuki, ambako karibu waombaji 6,000 waliingizwa katika jaribio kubwa la kozi za serikali, faida ya wastani katika ajira ilikuwa ndogo mno, na ile kidogo iliyoonekana ilififia baada ya miaka mitatu.

Tuigeuze habari hiyo kuwa hesabu ya chama. Tuseme, kwa mfano tu, kumsomesha kijana mmoja ni shilingi 500,000. Vijana 100 ni shilingi milioni 50. Kama walioongezeka katika kazi ni 2, kila kazi iliyopatikana imegharimu shilingi milioni 25. Kwa fedha hizo Bodi ingetakiwa kujieleza vizuri sana mbele ya Mkutano Mkuu.

Lakini wastani huficha mengi. Nchini Kolombia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliwapa vijana maskini wa mijini miezi mitatu ya darasani na miezi mitatu ya kujifunza kazini katika kampuni. Kwa wanawake mapato yaliongezeka kwa karibu asilimia 20, na uwezekano wa kupata ajira rasmi ukaongezeka. Kwa hiyo yafaa kutazama mafunzo yaliyofaa yalikuwa na nini ambacho yale yasiyofaa yalikikosa.

UGANDA: CHUO AU KARAKANA?

Ushahidi wenye manufaa makubwa kwetu unatoka kwa jirani zetu wa Uganda, ambako hali za vijana na za karakana hazitofautiani sana na zetu. Wachunguzi waliwafuata vijana wapatao 1,700 na karakana na biashara ndogo zipatazo 1,500 kwa muda wa miaka minne. Baadhi ya vijana walipelekwa vyuoni kwa miezi sita wakasomea fani kama vile ufundi magari, ushonaji, uchomeleaji, ufundi bomba na upishi. Wengine waliwekwa katika karakana kwa miezi sita kama wanagenzi, na mwenye karakana akasaidiwa sehemu ya malipo yao. Wengine hawakupewa chochote.

Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipata ujuzi unaokaribiana, nayo yote yaliwashinda ambao hawakufundishwa. Tofauti ilikuja baadaye. Wanagenzi wa karakana walianza kupata kazi na fedha mapema, lakini faida yao ilipungua kadiri miaka ilivyopita. Waliotoka chuoni walianza polepole, kisha wakawapita wenzao, na faida yao ikadumu.

Sababu yake, kwa kadiri wachunguzi walivyoweza kuitambua, ni cheti. Kijana wa chuoni akiachishwa kazi leo, kesho hubisha hodi kwa tajiri mwingine na karatasi mkononi, na tajiri huyo asiyemjua anaweza kuupima ujuzi wake. Mwanagenzi wa karakana ana ujuzi huo huo mikononi mwake, lakini anayeujua ni bwana wake wa zamani tu. Karakana ikifungwa, ujuzi wake hauna shahidi.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu, kwa sababu vijana wengi wa vijijini hujifunza kwa fundi wa jirani. Chama si lazima kiwatoe huko. Hapa Tanzania upo utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao kwa huo VETA humpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti akifaulu. Chama kinachogharimia upimaji huo kwa vijana wenye ujuzi tayari huenda kikafanya jambo la maana kwa fedha ndogo kuliko kinachowaanzisha wengine upya kwa karo kubwa.

UFUNDI BILA VIFAA

Fundi aliyehitimu bila vifaa ni sawa na mkulima mwenye shamba asiye na jembe. Hili nalo lilionekana Uganda, safari hii kaskazini mwa nchi, ambako serikali iliwaita vijana wajikusanye katika vikundi na kuandika maombi ya fedha kwa ajili ya kujifunza ufundi na kuanzisha kazi. Vikundi vilivyokubalika vilikuwa vingi kuliko fedha, ikapigwa kura. Kila kikundi kilichopata kilipewa fedha zote kwa mara moja, wastani wa dola 382 za Marekani kwa kila mwanakikundi, bila msimamizi wa kuwafuata.

Wengi walitabiri kwamba fedha hizo zitanywewa pombe. La hasha. Vijana walitumia sehemu ndogo kwa mafunzo, na sehemu kubwa zaidi wakanunua vifaa na mali ghafi: cherehani, randa, misumeno, vyuma na vitambaa. Baada ya miaka minne mali za kazi za vikundi vilivyopata fedha zilizidi za wale waliokosa kwa asilimia 57, na mapato yao kwa asilimia 38. Nusu yao walikuwa wakifanya kazi ya ufundi.

Lakini ukweli wote usemwe. Wachunguzi waliporudi baada ya miaka tisa walikuta wale waliokosa wamejitahidi na kuwafikia wenzao kwa mapato. Kilichobaki kwa waliopewa ni mali zao za kazi na ujuzi wao. Kwa hiyo msaada huo ulikuwa wa kumsukuma kijana aanze mapema, haukuwa wa kumtajirisha. Miaka kadhaa ya maisha bora katika ujana si kitu cha kudharauliwa. Ila Bodi isiahidi zaidi ya hapo.

WASICHANA WASISAHAULIWE

Mara nyingi chama kikitangaza nafasi, huandikwa kwamba wavulana na wasichana wote wanakaribishwa, na jambo hilo huonekana limekwisha. Malawi ilipowapeleka vijana kwa mafundi mahiri ili wajifunze kazi, ilionekana kwamba wasichana walipata taabu zaidi katika mafunzo. Walivutwa na kazi za nyumbani, kuuguza na kulea, na mafunzo yakawagharimu fedha zao wenyewe kuliko yalivyowagharimu wavulana. Kwa jumla mafunzo hayo yaliongeza ujuzi, lakini katika muda mfupi uliochunguzwa hayakuongeza kazi wala mapato.

Liberia ilifanya vingine. Katika mpango ulioanza mwaka 2010 kwa wasichana wapatao 2,500 wa mjini Monrovia na kandokando yake, masomo yalifanyika karibu na makazi yao, palikuwa na mahali pa kulelea watoto, na baada ya darasa walisaidiwa kwa miezi kadhaa kutafuta kazi au kuanza biashara. Ajira iliongezeka kwa asilimia 47 na mapato kwa asilimia 80.

Lipo pia suala la fani. Magharibi mwa Kenya wachunguzi waliwaonyesha vijana jinsi mapato ya fani mbalimbali yanavyotofautiana, wakaeleza kwamba fani zilizozoeleka kuwa za wanaume, kama ufundi magari na umeme, hulipa zaidi ya ushonaji na ususi. Baadhi ya wasichana waliosikia hayo walibadili nia na kuchagua fani hizo. Kumbe si wote waliopenda ushonaji. Wengine hawakuwahi kuelezwa habari ya fani nyingine. Kamati inayomwandikia kila msichana ushonaji bila kumwuliza inampunguzia mapato kabla hajaanza.

SOKO LA KIJIJI LINA KIMO CHAKE

Jambo moja halionekani kwa urahisi katika majaribio haya, nalo ni hasara ya mtu wa tatu. Kijiji chenye mafundi cherehani wanne kikiongezewa sita kwa mkupuo mmoja, nguo za kushona haziongezeki. Wale sita wakipata wateja, huenda wamewachukua kwa wale wanne. Katika taarifa ya chama wataandikwa sita waliofanikiwa. Wale wanne waliopungukiwa hawataandikwa popote, ingawa nao ni wanachama au watoto wa wanachama.

Kwa sababu hiyo chama kianze kwa kuyatazama mahitaji kabla ya kutazama orodha ya masomo. Na hapa ushirika una nafasi ambayo chuo hakina, kwa kuwa chama chenyewe ni mwajiri na mnunuzi wa kazi za ufundi. Ghala huhitaji paa na sakafu. Mizani huhitaji matengenezo. Mashine za kukoboa kahawa na kubangua korosho huharibika katikati ya msimu, na fundi huitwa kutoka mjini kwa gharama kubwa. Vinyunyizio vya dawa, pampu za maji na pikipiki za wanachama ni kazi ya mwaka mzima. Chama kikipitia hati zake za malipo ya miaka mitatu iliyopita, kitaona kwa hesabu ni fani zipi kinazilipia watu wa nje. Kijana akifundishwa fani hiyo, kazi ya kuanzia anayo.

MASWALI SITA

Kutokana na hayo yote, inafaa Bodi ijibu maswali haya kwa maandishi kabla ya kuwasilisha ombi la fedha kwenye Mkutano Mkuu:

(a) Ni nani atakayemwajiri au kumpa kazi kijana huyu? Litajwe jina la karakana, kiwanda, au kazi ya chama yenyewe. Jibu la kwamba mafundi wanahitajika sana nchini halitoshi.

(b) Mafunzo yatakuwa na muda wa kutosha wa kufanya kazi yenyewe chini ya fundi, au yatakuwa ya ubaoni peke yake?

(c) Mwishoni kutakuwa na upimaji na cheti kinachotambuliwa na mamlaka ya nchi, au cheti cha kuhudhuria tu?

(d) Vifaa vya kuanzia vitatoka wapi? Kama fedha hazitoshi kwa karo na vifaa kwa vijana 10, ni afadhali wawe 5 wenye vyote viwili.

(e) Msichana mwenye mtoto au mwenye mgonjwa nyumbani ataweza kuhudhuria? Kama hawezi, chama kitafanya nini?

(f) Ni nani atakayetoa taarifa ya kila kijana baada ya miezi sita, mwaka mmoja na miaka miwili, na itaandikwa katika daftari gani?

Juu ya swali la mwisho, inafaa kuchukua funzo kutoka Nepal. Huko ulikuwapo mfuko ambao haukuwalipa wenye vyuo fedha zote mwanzoni. Sehemu ya malipo yao ilizuiwa hadi ithibitishwe, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, kwamba mhitimu anafanya kazi na anapata kipato. Hivyo mwenye chuo alipaswa kufikiri habari za soko kabla ya kufungua kozi. Chama cha msingi kinaweza kujaribu kufikia mapatano kama hayo, hata ikiwa ni kwa sehemu ndogo tu ya karo: sehemu ilipwe mwanzoni, sehemu kijana akifaulu, na iliyobaki akionekana kazini. Chuo kinachoyaamini mafunzo yake hakitakuwa na sababu kubwa ya kukataa.

Iwapo waombaji watakuwa wengi kuliko nafasi, kura ya hadharani mbele ya wanachama ina faida mbili. Huondoa manung'uniko ya upendeleo. Na ikiwa majina ya waliokosa yatahifadhiwa na hali zao kuulizwa baadaye, chama kitakuwa na shamba lake la majaribio bila gharama ya ziada.

HITIMISHO

Isidhaniwe kwamba makala hii inavitaka vyama viache kuwasomesha vijana. Ushahidi hausemi hivyo. Unasema kwamba mafunzo yaliyotupwa peke yake hufaa wachache, na kwamba yakifungamanishwa na kazi iliyokusudiwa, cheti kinachoaminika, vifaa vya kuanzia na ufuatiliaji, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzaa matunda. Ushirika una uwezo wa kuvikusanya vyote hivyo mahali pamoja, pengine kuliko kijana na mzazi wake wakiwa peke yao.

Kijana aliyepelekwa chuoni mwaka mzima akarudi kukaa barazani amepoteza zaidi ya fedha za chama. Amepoteza mwaka wa nguvu zake, na mara nyingi amepoteza imani yake kwa ushirika uliompeleka. Wanachama wanayo haki ya kudai majibu ya maswali haya sita, na Bodi inao wajibu wa kuyatoa kabla ya mikono kuinuliwa.